Maisha ya Tabibu Jung, na Msomali Aliyemsimulia Habari za Khidhri

 

Katika darasa yetu ya usiku wa Ijumaa hapa Kawangware liliulizwa swali ambalo hatukuweza kulijibu siku ile. Kijana mmoja wa kwetu pwani, aliyekuja Nairobi kutafuta kazi, amekuwa kwa miezi mingi hapati usingizi. Ndoto moja humjia na kumrudia. Akisimama katika sala hulia, na mwishowe aliacha kuja jamaa kwa haya. Ami yake alitaka apelekwe akapungwe pepo. Wengine walisema imani yake ni dhaifu. Mamake mdogo alishauri apelekwe hospitali kwa daktari wa maradhi ya akili, wakamtisha kuwa madaktari hao elimu yao ni ya kumvua mtu dini yake. Mwandishi wa maneno haya ni mmoja wa waliomwambia azidishe sala, kisha akanyamaza. Nakiri kuwa jawabu ile ilikuwa nusu ya jawabu.

Basi tuliulizwa: elimu hii ya kuchambua nafsi imetoka wapi, na waliyoianzisha walikuwa watu gani, na ina uadui gani na dini? Tumeona njia nyepesi ya kujibu ni kusimulia maisha ya mtu mmoja katika wakubwa wa elimu hiyo, ambaye alipita Mombasa na Nairobi kwa miguu yake, akajifunza maneno ya Kiswahili, na akaisoma Suratul Kahf kwa mazingatio. Huyo ni Tabibu Carl Gustav Jung wa Uswisi.

Jung alizaliwa tarehe 26 Julai 1875, sawa na mwaka 1292 wa Hijra, katika kijiji cha Kesswil, kando ya ziwa lililo mpakani mwa Uswisi na Ujerumani. Nyumba yao ilikuwa nyumba ya dini. Babake, Paul Jung, alikuwa kasisi wa Kiprotestanti. Babu yake mzaa mama alikuwa mkuu wa makasisi wa mji wa Basel na mwanachuoni wa lugha ya Kiebrania. Upande wa mama walikuwako makasisi sita, na upande wa baba ami zake wawili. Na huyo Paul Jung ujanani mwake alisoma lugha za Mashariki, akaandika risala yake ya chuo kikuu juu ya tafsiri ya Kiarabu ya kitabu kimoja cha Agano la Kale. Naam, baba wa Jung alikijua Kiarabu. Lakini alipokuwa kasisi wa kijijini elimu ile aliiweka kando, na haikumfaa kitu katika shida iliyomfika baadaye.

Shida yenyewe ni hii. Kasisi yule alikuwa amepotewa na yakini, na hakuthubutu kumwambia mtu. Alipokuwa akimfundisha mwanawe mafunzo ya dini yao, kijana Carl alifungua kitabu mbele akaona mlango wa Utatu, yaani Mungu mmoja aliye watatu. Akaungojea kwa hamu, akidhani kuwa hapo ndipo atakapoelezwa siri ya dini nzima. Siku ilipofika, babake alimwambia wauruke mlango huo, kwa kuwa yeye mwenyewe haufahamu. Kijana alimshukuru babake kwa ukweli wake, lakini moyo wake ulivunjika. Na alipokula chakula kitakatifu cha kanisani kwa mara ya kwanza, hakuona lolote nafsini mwake, akajisemea kuwa hapo hapakuwa na Mungu.

Hatuandiki haya kwa kuwacheka Wakristo. Ingawa sisi itikadi hiyo Mwenyezi Mungu ametuepusha nayo, jambo lililo hapa linatuhusu hata sisi. Ni wangapi katika watoto wetu wameuliza chuoni swali la haki juu ya jambo la dini, wakapigwa kofi au wakaambiwa kuwa kuuliza ni kufuru? Kasisi Paul angalau alikiri. Wengi wetu hatukiri.

Baba huyo alifanywa pia kasisi wa hospitali ya wenda wazimu ya Basel. Akawa kila siku yuwawaendea watu waliopotewa na akili, naye mwenyewe amepotewa na imani. Akafa mwaka 1896, na Carl akiwa na umri wa miaka ishirini. Mtoto aliamini muda wa maisha yake kwamba kilichomuua babake ni dini aliyoishika kwa mkono na kuikosa moyoni.

Msomaji atamkumbuka hapa Imamu Ghazali. Yeye naye, mwaka 488 wa Hijra (1095), akiwa mwalimu mkubwa wa Nidhamiya ya Baghdad, mwenye wanafunzi kwa mamia, alifikwa na jambo la kushangaza: ulimi wake ulifungwa asiweze kusomesha, na chakula kikawa hakipiti kooni. Matabibu wa wakati ule walimpima, wakakata tamaa, wakasema maradhi haya hayakuanza mwilini bali yameshuka kutoka moyoni, na dawa hazitaingia mpaka moyo utulie. Tazama, hawa walikuwa matabibu wa Kiislamu zaidi ya miaka mia nane kabla ya Wazungu kuipa jina elimu hii. Wala hawakumwambia Imamu kuwa ana pepo. Naye hakuficha. Aliacha cheo, akatoka Baghdad, akazunguka Sham, Baitul Maqdis na Hijazi, kisha akaandika habari ya maradhi yake kwa mkono wake katika kitabu chake cha Al-Munqidh. Ghazali na Kasisi Paul walipatwa na mtihani ulio karibu mmoja. Tofauti yao ni kwamba mmoja alisema na mmoja alinyamaza.

Carl alisoma udaktari katika Basel, na mwisho wa mwaka 1900 akaingia kazini katika hospitali ya wagonjwa wa akili ya Burghölzli, mjini Zurich. Risala yake ya kwanza, ya mwaka 1902, ilihusu jambo ambalo watu wa pwani hawahitaji kufafanuliwa. Binamu yake mmoja, msichana mdogo, alikuwa akipandwa. Huketi katika giza pamoja na jamaa, macho yakageuka, kisha akasema kwa sauti za wafu na kwa lugha ya kibwana isiyokuwa yake. Jung alikuwa akihudhuria na kuandika. Hukumu aliyoitoa ni kuwa sauti nyingi katika zile zilikuwa vipande vya nafsi ya msichana mwenyewe, ambavyo havikupata njia nyingine ya kutokea. Na kwamba yule bibi mtukufu aliyekuwa akisema kwa kinywa chake alikuwa mfano wa mwanamke ambaye msichana yule alitamani kuwa.

Sisi Waislamu twaamini kuwapo kwa majini, kwa kuwa Qurani imewataja, na atakayewakanusha amekanusha Kitabu. Lakini Qurani haikusema kuwa kila mwanamke anayelia usiku ana jini, wala kuwa jini hilo lataka kanga mpya, pete ya fedha na mbuzi mwekundu. Ngoma ngapi zimechezwa Mombasa, Lamu na Unguja kwa mwanamke ambaye ugonjwa wake ulikuwa mume mkali, au mtoto aliyekufa bila ya yeye kuachwa amlie? Mganga hupata ujira wake, na huzuni hubaki pale pale.

Mwaka 1907 Jung alikwenda Vienna kumzuru Sigmund Freud, mwenye elimu ya kuchambua nafsi, na yasemwa kuwa siku ya kwanza walizungumza saa kumi na tatu. Freud alifundisha kuwa katika nafsi ya mtu mna sehemu kubwa asiyoijua mwenyewe. Humo huzikwa matamanio na hofu za utotoni, na vitu hivyo hutoka kwa njia ya ndoto, makosa ya ulimi na maradhi. Alimpenda Jung kama mrithi wake, na mwaka 1910 Jung akawa rais wa kwanza wa jumuiya ya dunia ya elimu hiyo. Kufikia mwaka 1913 walikuwa wamekwisha kutengana, wala hawakurudiana tena.

Sababu za kutengana ni nyingi, na moja kubwa ilikuwa dini. Kwa Freud dini ni kama ugonjwa wa utoto wa wanaadamu: mtoto humwogopa na kumtegemea baba, kisha akikua humtengeneza Baba mkubwa wa mbinguni. Haya aliyaeleza wazi katika kitabu chake cha mwaka 1927. Jung hakukubali. Aliona kuwa nafsi kwa maumbile yake ina njaa ya Mungu kama tumbo lilivyo na njaa ya chakula, na kwamba mtu akinyimwa dini huugua.

Mwanafunzi mmoja wa darasa letu alisema kuwa hoja ya Freud haitugusi sisi, maana Mola wetu hakuzaa wala hakuzaliwa, nasi hatumwiti baba. Maneno yake yana uzito, wala sidhani kuwa Freud aliutazama Uislamu kwa makini alipoandika. Lakini tusifurahi upesi. Mtu aweza kuisoma Suratul Ikhlas kila siku, na hali katika sijida yake yuwamwogopa babake aliyempiga, si Mola wake. Kuitakasa itikadi ya ulimi ni jambo moja, na kuitakasa hofu ya moyo ni jambo jingine. Ndiyo maana maulamaa wetu kama Harith Al-Muhasibi, aliyekufa mwaka 243 wa Hijra, waliandika vitabu vizima vya kuihesabu nafsi na kuzifichua hila zake.

Baada ya kuachana na Freud, Jung alipita miaka migumu. Aliona njozi na kusikia maneno nafsini mwake mpaka akaogopa kuwa akili yamtoka. Aliyaandika yote katika daftari, akiendelea kuwatibu wagonjwa na kulea watoto wake. Mwaka 1920 alisafiri Tunisi na Aljeria, akauona kwa mara ya kwanza mji wa Waislamu. Na miaka mitano baadaye akaja kwetu.

Aliteremka Mombasa tarehe 12 Novemba 1925, katika Mfungo Saba wa mwaka 1344, pamoja na Mwingereza mmoja na Mmarekani mmoja, rafiki zake. Alikaa siku mbili. Aliuona mji wa minazi na miembe, na ngome ya Wareno juu ya bandari, akaupenda. Yanisikitisha kila nifikiripo kuwa katika siku hizo mbili hakupelekwa kwa mwanachuoni yeyote. Marehemu Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikuwa hapo hapo mjini, mtu wa miaka thelathini na minne, na baada ya miaka mitano tu angeanza kutoa gazeti lake la Sahifa. Wangekuwa na mengi ya kuzungumza juu ya hirizi na kupunga pepo.

Jioni ya siku ya pili walipanda gari la moshi. Alipoamka alfajiri aliona juu ya jabali jekundu mtu mweusi mwembamba, amesimama na mkuki, yuwalitazama gari likipita. Moyo wake ulishikwa na hisia kwamba mahali hapo alipajua tangu zamani. Nairobi wakati ule ulikuwa mji mdogo wa mabati, na hii Kawangware yetu ilikuwa mashamba. Kutoka hapo alikwenda kwa motokaa mpaka mbuga za Athi, akajitenga na wenzake. Aliwaona wanyama kwa maelfu wakienda taratibu kama mto, kimya, kama walivyokuwa tangu kuumbwa. Hapo aliingiwa na fikira kuwa ulimwengu ulikuwapo bila ya kujijua, mpaka alipokuja mwanaadamu akauona, akajua kuwa upo. Na kwamba kwa kuona huko mwanaadamu hukamilisha uumbaji. Fikira hii yapendeza, na ina hatari. Sisi twasema Mwenyezi Mungu hamhitaji shahidi ili kazi yake ikamilike. Ama kuwa mwanaadamu amepewa amana ya kujua, ambayo mbingu na ardhi na milima ilikataa kuibeba, hilo limo katika Suratul Ahzab.

Wakafika mlima Elgon, wakapiga kambi kati ya watu wa jamii ya Wasabaot. Jung alizungumza nao kwa Kiswahili cha kubahatisha, kamusi mkononi, na mikutano hiyo aliiita kwa neno letu hili, shauri. Mambo mawili ya hapo yafaa kutajwa. Aliwaona watu wale kila asubuhi jua likichomoza wakitemea viganja vyao mate, kisha wakavielekeza juani. Alipowauliza maana yake hawakuweza kueleza, ila kuwa baba zao walifanya hivyo. Akawauliza kama jua ndilo Mungu wao, wakacheka; jua likiwa juu si Mungu, ila saa ile ya kuchomoza. Jung alifahamu kuwa walichokiadhimisha ni kule kutoka kwa nuru baada ya giza. Nabii Ibrahim (A.S.) naye aliitazama nyota, na mwezi, na jua, akaviacha vyote vilipotua, akamwelekea aliyeviumba. Watu wa Elgon walisimama katika mlango, na Jung akasimama pamoja nao.

Jambo la pili ni la mzee laiboni, aliyekuja amevaa ngozi za kima. Jung alimwuliza habari za ndoto. Mzee akajibu huku machozi yakimlengalenga: zamani laiboni akiota alijua kuwa vita vyaja, au maradhi, au mvua, lakini tangu Waingereza kuingia hakuna aotaye tena, na hakuna haja ya ndoto, maana Bwana Disii ajua kila kitu. Sidhani kuna hukumu kali juu ya serikali ya kikoloni kuliko machozi yale. Walichukua ardhi na kodi, na mzee huyu aliona kuwa hata usingizi wake umetawaliwa.

Sasa tumefika kwa Msomali.

Mkuu wa safari ya Jung nchini Kenya alikuwa Msomali Mwislamu aliyelelewa katika tarika. Jung alikuwa ameisoma Qurani kwa tafsiri, na hilo lilimpa heshima machoni mwa mtu huyu, basi wakazungumza kwa uwazi. Msomali alimweleza kuwa Khidhri yu hai, na mtu aweza kukutana naye njiani katika sura ya mwanaadamu, au akamwona usiku kama nuru nyeupe, au hata akawa jani la nyasi. Kisha akamsimulia lililompata mwenyewe. Baada ya Vita Vikuu alikuwa hana kazi, na dhiki imemzidi. Usiku mmoja aliota nuru nyeupe mlangoni, akajua kuwa ni Khidhri. Akaruka, akamsalimia kwa salamu ya Kiislamu kwa adabu, na moyo wake ukatulia kuwa haja yake itatimizwa. Haukupita muda, kampuni moja ya Nairobi yenye kutayarisha safari za wawindaji ikamwita ikampa kazi ya ukuu wa msafara.

Ndugu msomaji, mtu huyu alikuwa Mwislamu mgeni katika Nairobi, hana kazi, na ndoto ikamjia. Yule kijana wetu wa Kawangware hana tofauti kubwa naye, ila miaka mia moja.

Jung hakumcheka, wala hakumwandika katika orodha ya wenye wazimu. Aliyahifadhi maneno yake, na mwaka 1939 katika hotuba aliyoitoa Uswisi juu ya kuzaliwa upya kwa nafsi, akaifasiri Suratul Kahf kwa urefu na kumtaja Msomali huyo kama mfano wa mtu ambaye kisa cha Qurani ki hai moyoni mwake. Alisema kuwa pango la wale vijana waliolala ni mahali pa siri ndani ya kila nafsi, na aingiaye humo hutoka amegeuka. Nabii Musa (A.S.) ni mtu atafutaye; samaki aliyesahauliwa ni kitu kidogo ambacho mtu hukipuuza, na pale kilipopotea ndipo penye matakwa yake; na Khidhri ni mfano wa nafsi iliyokamilika, yenye hekima kuliko akili ya mwenyewe.

Katika haya mna ya kukubali na ya kukataa. Kwamba visa vya Qurani ni mazingatio kwa nafsi ya kila msomaji, hilo ni kweli. Lakini Qurani yasimulia mambo yaliyotukia kwa watu waliokuwako, na haikuwa lugha ya mafumbo ya ndoto. Mja yule aliyemfundisha Musa, Mwenyezi Mungu amesema kuwa elimu yake yatoka Kwake. Yaani chemchemi iko nje ya nafsi na juu yake. Jung amemchukua mwalimu akamweka ndani ya mwanafunzi. Hapo ndipo elimu ya kuchambua nafsi na elimu ya tauhidi zinapoachana njia, na palepale mwenye dini ajue pa kusimama.

Ama kuwa Khidhri yu hai, maulamaa wamehitilafiana. Imamu Nawawi ametaja kuwa wengi wao waona yu hai. Imamu Bukhari, Ibn Taymiyya na wengineo wamekwenda kuwa alikufa, kwa dalili ya hadithi kwamba hapana aliyekuwa juu ya ardhi usiku ule ambaye angebaki baada ya miaka mia. Rai hii ya pili ndiyo tuionayo kuwa na nguvu. Kwa hivyo ndoto ya Msomali haimfufui Khidhri. Lakini ndoto njema haikanushwi. Mtume (S.A.W.) ametufundisha kuwa ndoto ni tatu: bishara itokayo kwa Mwenyezi Mungu, huzuni itokayo kwa shetani, na yale ambayo mtu huizungumzia nafsi yake. Hiyo ya tatu ndiyo mlango wa tabibu wa nafsi, na twaona hana dhambi akiingia kwa mlango huo maadamu hadai kuwa milango mingine haipo. Na vile vitabu vya tafsiri ya ndoto viuzwavyo misikitini kwa jina la Ibn Sirin, aliyekufa mwaka 110 wa Hijra, wahakiki hawakubali kuwa aliviandika yeye. Basi mtu asiuache usingizi wake mikononi mwa muuza vitabu.

Haitakuwa haki kumsifu Jung bila ya kutaja aibu yake. Aliwaona Waafrika kuwa ni utoto wa wanaadamu, watu ambao nafsi zao zimebaki nyuma, na akaogopa kuwa Afrika ingemmeza. Usiku mmoja safarini aliota kinyozi mweusi aliyemwona Marekani akitaka kumtia nywele za kipilipili, akaamka kwa hofu, akaamua kuwa imekuwa ni wakati wa kurudi. Mtu aliyewafundisha wengine wasiziogope ndoto zao aliiogopa hiyo, kwa kuwa ilimfananisha nasi. Fikira za namna hii hazikubaki vitabuni. Kuanzia mwaka 1938 mpaka 1950 hospitali ya Mathari, hapa Nairobi, ilikuwa chini ya Daktari Carothers, ambaye baadaye aliandika kuwa ubongo wa Mwafrika hautumiwi sehemu yake ya mbele, na mwaka 1954 akaiandikia serikali kitabu cha kueleza Mau Mau kama ugonjwa wa nafsi, kana kwamba kunyang'anywa ardhi si sababu ya kutosha. Frantz Fanon, tabibu wa Aljeria, alimjibu kwa ukali unaostahiki. Tena Jung alilaumiwa kwa haki kwa aliyoyaandika juu ya nafsi za Mayahudi katika miaka ya 1930, wakati Hitler alipokuwa akitafuta kila neno la kuwaangamiza.

Alirudi kwao mwaka 1926 kwa njia ya mto Nili, Khartoum na Misri. Umri wake uliobaki ulikuwa mazungumzo marefu na watu wa dini. Mwaka 1932 aliwahutubia makasisi katika Strasbourg, akawaambia kuwa katika wagonjwa wake waliopita umri wa miaka thelathini na mitano, hakuwako hata mmoja ambaye shida yake ya mwisho haikuwa ya dini. Na kwamba watu wanakimbilia kwa tabibu kwa kuwa makasisi wawahukumu kabla ya kuwasikiliza. Maneno haya mtu aweza kuyasikia hapa Kawangware akatazama chini. Kwa padri mmoja Mkatoliki, Victor White, alipata rafiki wa kweli, wakaandikiana kwa miaka. Urafiki huo ukavunjwa na kitabu alichokitoa mwaka 1952 juu ya Nabii Ayubu (A.S.), ambamo alidai kuwa Mungu ana upande wa giza na kwamba Ayubu alimshinda Mola wake kwa uadilifu. Twajilinda kwa Mwenyezi Mungu na maneno hayo. Kila alipobanwa, Jung alijitetea kuwa hasemi juu ya Mungu Mwenyewe, bali juu ya sura ya Mungu iliyomo katika nafsi. Mwanachuoni wa Kiyahudi, Martin Buber, alimjibu mwaka ule ule kuwa amevuka mpaka wa fani yake. Nami naona Buber alisema haki: aliyekiri kuwa yuwaona kioo tu hana ruhusa ya kumtia kasoro mwenye uso.

Hata hivyo mwaka 1959, mzee wa miaka themanini na mitatu, alipoulizwa na mtangazaji wa BBC kama yuwaamini Mungu, alijibu kuwa hana haja ya kuamini, kwani anajua. Watu waligombana juu ya jibu hilo. Sisi twaijua hadithi ya fitra, kuwa kila mtoto huzaliwa juu yake, na hatuoni ajabu kuwa mtoto wa kasisi aliyeruka mlango wa Utatu alikufa akiisikia fitra yake ikigonga, ijapokuwa hakumpata wa kumfungulia.

Alikufa nyumbani kwake Küsnacht, kando ya ziwa la Zurich, tarehe 6 Juni 1961, katika Mfungo Tatu wa mwaka 1380, umri wake miaka themanini na mitano. Kitabu cha kumbukumbu zake kilitoka mwaka uliofuata, na ndani yake mna Mombasa, mbuga za Athi, na yule laiboni mwenye machozi.

Ama kijana wetu, mamake mdogo alishinda. Huenda hospitali kila mwezi, amepewa dawa ya usingizi, na daktari humsikiliza. Alitwambia kuwa hajaulizwa hata siku moja kuiacha sala. Ami yake bado hajaridhika. Alhamisi iliyopita alirudi darasani baada ya magharibi, akakaa karibu na mlango, na zamu ya kusoma Suratul Kahf ilipofika upande ule aliuchukua msahafu akasoma kuanzia kisa cha samaki.